Kijana Akikaa Sana Bila Kazi

Wazee wetu wa Songea walikwenda Tanga kuwa manamba. Enzi hizo kazi ndiyo iliwafuata watu hukuhuku. Mwaka 1964 mkonge wa nchi ulipita tani 200,000, kisha ukaporomoka, na watu wakaanza kuifuata kazi.

Leo vijana wetu wa Madaba wanakaa mjini mwaka, miwili. Mwanzoni mwajiri huuliza, "Unajua nini?" Baadaye huuliza, "Siku zote ulikuwa wapi?" Nauli ya kuzunguka imekwisha, mkono umesahau ufundi. Habari za kazi wanazo walio kazini, na hao vijana wanaona haya kuwatembelea. Tusiwaite wavivu, jamani!

Tunaomba msimu huu ghala letu liwachukue wawili wawili wapime mahindi, wapate la kujibu wakiulizwa.