Kufuta Kauli na Kujibu Tuhuma



Anayefuatilia vikao vya Bunge anaijua amri ya "futa kauli". Mbunge akitamka neno zito, mwenzake anasimama kuhusu utaratibu, kiti kinapima, kisha aliyesema anatakiwa kufuta. Akifuta, shughuli zinaendelea. Kwa tusi, amri hiyo inatosha kabisa. Nina wasiwasi nayo pale neno lililosemwa linapokuwa ubaguzi. Anayesema "hapa tunabaguana" ameleta mashitaka mbele ya ukumbi, na mashitaka hayo yanadai jibu. Yakifutwa kwenye kumbukumbu za kikao, aliyebaguliwa anabaki pale pale alipokuwa.

Kuona tuhuma ya namna hiyo inavyoweza kujengwa, twende Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, tarehe 18 Oktoba 1961. Tanganyika ilikuwa imebakiza kama wiki saba tu kupata uhuru, na Bunge lilikuwa likijadili nani atakuwa raia wa nchi hiyo mpya. Serikali ilitaka uraia usitazame rangi. Baadhi ya wabunge wa TANU, chama kile kile kilichokuwa kinaongoza, walikataa. Walitaka uraia uwe wa Waafrika kwanza, Wahindi, Waarabu na Wazungu wasubiri au wakae pembeni. Nao waliyasema hayo mbele ya Spika Abdulkarim Karimjee, Mtanganyika mwenye asili ya Kiasia, katika ukumbi wenye jina la ukoo wake.

Wabunge wale hawakuzua uchungu wao. Kwa miaka mingi watoto wa nchi hii walisoma shule zilizotengwa kwa rangi. Maduka na ununuzi wa pamba vilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Waasia, na vyeo vya juu serikalini mikononi mwa Wazungu. Hata uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ingawa Waafrika walikuwa wengi mno kuliko hao wengine. Mtu aliyepitia hayo akisimama bungeni na kuuliza uhuru huu ni wa nani, ana haki ya kuuliza.

Waziri Mkuu Julius Nyerere akasimama. Hakutafuta maneno laini. Aliwaambia wabunge wa chama chake kwamba wanahubiri ubaguzi kama dini, na kwamba wanaitukuza rangi kama alivyofanya Hitler. Hebu fikiria leo waziri mkuu angewaambia hivyo wabunge wake: saa ile ile wangesimama watu kumi kuomba mwongozo.

Mimi nasema alikuwa na haki ya kuyasema, na sababu yangu ni namna alivyoijenga hoja. Aliishika kauli yao yenyewe, kwamba uraia upimwe kwa rangi, akaonyesha inakofika: tukianza na rangi, kesho tutasema binadamu wote ni sawa isipokuwa Wamasai, isipokuwa Wagogo, isipokuwa Waha, isipokuwa Waislamu. Akasema kipimo ni utii kwa nchi. Na serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kama Bunge lingekataa. Msikilizaji, hapo ndipo naona heshima ya kisiasa. Waliotuhumiwa walikuwa wamekaa mbele yake, walijua kosa wanaloambiwa ni lipi, na aliyewatuhumu aliweka madaraka yake mwenyewe rehani.

Kuna sehemu ya hoja ya wabunge wale, hata hivyo, ambayo hotuba ile haikuimaliza. Ukimwambia mtu ana ubaguzi, hujamjibu kuhusu ajira. Tarehe 7 Januari 1964 Nyerere, sasa akiwa Rais, alitangaza kwamba upendeleo kwa misingi ya asili katika ajira za serikali umekwisha, raia wote ni sawa. Tarehe 20 mwezi huo huo askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakidai mishahara mizuri na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Maasi yale yalikuwa na sababu zaidi ya moja, lakini yalionyesha kwamba lile swali la nani anafaidi uhuru lilikuwa bado linachemka. Kwa hiyo nawaonya pia wanaopenda kuitumia tuhuma ya ubaguzi kuwafunga watu midomo. Kijana anayeuliza kwa nini hana mtaji wala ajira anastahili jibu la uchumi. Akianza kumtukana jirani yake kwa asili yake, hapo aambiwe ukweli bila kupepesa macho.

Sasa tuje Dodoma, Aprili 2014, Bunge Maalum la Katiba. Mjadala wa muundo wa Muungano ulikuwa umechacha, kejeli zikirushwa huku na huku, na asili za watu zikaingizwa katika mabishano ya serikali mbili au tatu. Tarehe 16 Profesa Ibrahim Lipumba aliwaongoza wajumbe wa Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, kutoka nje. Alilalamikia matusi na ubaguzi, akalitaja jina la Interahamwe, wanamgambo wa Rwanda. Ulikuwa mwezi ule ule Rwanda ikikumbuka miaka 20 ya mauaji ya kimbari.

Hakuna tuhuma nzito kuliko hiyo katika ukanda wetu. Palepale watu wakagawanyika: wengine wakasema amevuka mpaka wa ustaarabu, wengine wakasema waliovuka ni wale waliombagua mtu kwa asili yake. Kwangu mimi, jina lile lilikuwa zito kupita kiasi kwa maneno yaliyosemwa ndani ya ukumbi, kwa kuwa Interahamwe waliua. Lakini waliolishikia bango jina hilo wakayaacha maneno yaliyomfanya alitamke, walichagua jambo jepesi zaidi.

Kiti kingeweza kusimamisha mjadala, kikadai kumbukumbu rasmi, kikasoma kauli moja moja zilizolalamikiwa na kumtaka kila aliyezisema aeleze alikusudia nini. Kazi hiyo ingechukua siku moja au mbili. Badala yake kikao kiliendelea na waliobaki, na tarehe 2 Oktoba 2014 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa bila Ukawa. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa.

Tutaandika katiba tena siku moja, na wajumbe watakaokaa ukumbini watakuwa na asili za kila aina, kama tulivyo sisi wenyewe. Naomba kanuni za Bunge hilo ziseme wazi kwamba mjumbe akimtuhumu mwenzake kwa ubaguzi, ataje kauli, siku na msemaji, na mwenyekiti alazimike kusikiliza shauri hilo kabla ya hoja nyingine yoyote kupigiwa kura.