Baada ya Blanketi: Wajibu Wetu kwa Waliohamishwa na Maji na Udongo

(Maneno yaliyonenwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Kakamega)



Nimetakiwa na Halmashauri ninene juu ya watu waliohamishwa makwao na mafuriko na maporomoko ya ardhi, nami nashukuru kwa heshima hiyo. Hesabu za Chama mmekwisha kuzisikia kwa Mtunza Hazina, na mmeona ya kuwa sehemu kubwa ya fedha za misaada ilinunua unga, maharagwe na mablanketi. Sisemi kwamba fedha hizo zimepotea. Mtu aliyelowa hupewa nguo kavu kwanza, na maswali huja baadaye. Lakini maswali hayana budi kuja, na la kwanza ni hili: mtu huyu, akiisha kula unga wetu, atajenga wapi?

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwezi wa Agosti 2007, katika kijiji cha Khuvasali upande wa Malava, mlima uliporomoka baada ya mvua kubwa ukafunika nyumba za watu. Majirani wakaja mbio na majembe kuwafukua, kama ilivyo desturi yetu, na udongo ukashuka mara ya pili ukawafunika wao pia. Waliobaki hai walikuwa wameondokewa na jamaa, na shamba lenyewe likawa ndilo la kuogopwa.

Yafaa tuelewe jambo hili linavyotokea, maana si uchawi wala laana. Udongo mwekundu wa miteremko yetu ni mzito na unakwenda chini sana. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, maji hushuka mpaka kwenye mwamba, na udongo ulio juu hukaa juu ya utelezi. Mizizi ya miti mikubwa ilikuwa ikiushika, sisi tumeing'oa. Kisha mtu akikata mlima apate uwanja sawa wa kujengea nyumba, amekata mguu uliokuwa ukiutegemeza. Dalili huonekana mapema: ufa katika ardhi juu ya boma, chemchemi mpya mahali pasipokuwa na maji, miti iliyoinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama. Mzee anayekaa mtaani aziona dalili hizi kabla ya afisa yeyote wa Serikali.

Mtu atauliza, kwa nini basi watu hujenga huko? Hujenga kwa kuwa hawana pengine. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, yaani zaidi ya 600 katika kila kilomita moja ya mraba. Baba akiwa na eka mbili na wana watano, mwana wa mwisho hupewa mteremko. Na mvua nazo zimebadilika. Hewa iliyopata joto huchukua mvuke mwingi zaidi, nao hurudi chini kwa kishindo, kama tulivyoona mwishoni mwa 2019, na tena mwaka 2024 ambapo mafuriko yaliwaua Wakenya wengi na kuwahamisha maelfu kwa maelfu.

Sasa tuufuate mto. Nzoia hutoka katika vilima vya Cherangani na mlima Elgon, hupita katika nchi yetu, Lugari, Navakholo na Mumias, kisha hushuka Bunyala na kuingia ziwani. Wanyala wa Navakholo na Wanyala wa Budalangi ni jina moja. Matuta makubwa yalijengwa huko chini miaka ya 1970 na 1980 ili kuuzuia mto, lakini mto uliozuiliwa huangusha udongo wake katikati ya matuta, na mwaka hata mwaka sakafu yake huinuka, hata maji husimama juu kuliko mashamba. Tuta likivunjika, maji hayana njia ya kurudi mtoni. Ndivyo ilivyokuwa 2007, na 2008, na tena Mei 2020, wakati Ziwa Victoria lenyewe lilipofika kimo ambacho halikufika tangu 1964. Na udongo ule unaojaza mto watoka wapi? Mwingine hutoka katika mashamba yetu. Tunapowapelekea ndugu zetu wa Budalangi magunia ya mahindi, tukumbuke ya kuwa shamba tulilima sisi, na udongo wake ukawafikia wao kabla ya mahindi.

Nimesikia ikisemwa: wahamishwe wote, basi. Jambo hilo limejaribiwa kwa jirani. Tarehe 1 Machi 2010, huko Bududa nchini Uganda, kwa jamaa zetu Wamasaba, mlima uliporomoka kijijini Nametsi na watu zaidi ya 300 wakapotea. Serikali ya Uganda iliwachukua wengine mpaka Kiryandongo, mbali sana, nchi tambarare na yenye joto. Ardhi walipewa. Hata hivyo baadhi yao walirudi Bududa, kwenye mteremko ule ule. Msiseme ni wapumbavu. Mkulima wa kahawa na ndizi, aliyezoea baridi ya mlimani, alipelekwa mahali ambapo mazao yake hayakujulikani, nyumba zilikawia, na makaburi ya baba zake yalibaki nyuma. Alipewa eka, lakini hakupewa maisha. Baadaye, watu wengine wa Bududa walipohamishiwa Bunambutye, katika wilaya ya Bulambuli, walikuwa karibu zaidi na kwao, na walijengewa nyumba kabla ya kuletwa. Tofauti hiyo yatufundisha mengi kuliko vitabu.

Sisi pia tuna kumbukumbu yetu. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, sheria ya ardhi ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba Mwafrika akinyang'anywa ardhi ya hifadhi atapewa nyingine mahali pake. Mwezi wa Desemba 1932 sheria ikabadilishwa, ikatosha kumlipa fedha. Fedha zilikwisha upesi. Wazee wa wakati ule walilalamika sana, na walikuwa na haki. Silinganishi mvua na serikali ya kikoloni. Nasema tu kwamba mtu wa Kakamega ajua tofauti ya shamba na bei ya shamba.

Na sheria ya leo iko upande wetu. Sheria namba 56 ya mwaka 2012, ihusuyo wakimbizi wa ndani, haiwahesabu tu wale waliofukuzwa na vita vya baada ya uchaguzi. Inawataja na waliohamishwa na maafa ya asili. Inataka pia wapewe nafasi ya kuchagua kwa hiari na kwa kujua: kurudi, kukaa pale walipokimbilia, au kuhamia mahali pengine. Wengi wetu hatukuisoma, na viongozi wengi wapenda kupigwa picha wakigawa unga kuliko kuulizwa habari zake.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta pendekezo, nami naliunga mkono. Nusu ya fedha za misaada za mwaka ujao itengwe, isinunue blanketi hata moja, iwe akiba ya viwanja. Jamaa aliye mtelemkoni, au aliyekwisha kuhamishwa, atachangia kadiri awezavyo, na Chama kitamwongezea apate robo eka au zaidi, ikiwezekana katika tarafa yake au ya jirani, mahali ambapo lugha, soko na hali ya hewa havimgeuki. Shamba la zamani halitauzwa wala kuchukuliwa. Litabaki lake, na makaburi yake, lakini litapandwa miti, mianzi na majani ya ng'ombe, na hakuna atakayelala humo.

Nataka kukaza mambo mawili ambayo hayamo katika karatasi mliyopewa. Kwanza, hati iandikwe majina ya mume na mke pamoja, na mjane apewe yake. Tumeona mjane akihamishwa mara mbili, kwanza na udongo, kisha na mashemeji. Pili, wenyeji wa mahali wanapopokelewa wageni wasisahauliwe. Jamaa kumi zikiongezwa mtaani, foleni ya kisima hurefuka na darasa hujaa, na chuki huanzia hapo. Tukichimba kisima, kiwe cha wote, na tuiombe Kaunti darasa kwa ajili ya watoto wote.

Mzee mmoja aliniambia jana kwamba shamba la baba haliachwi. Namheshimu. Lakini wazee wetu waliotoka Bunyore na Maragoli kwenda katika mashamba ya makazi ya Lugari baada ya 1962 waliacha mashamba ya baba zao, na leo wajukuu wao hulisha mahindi nchi nzima. Waliondoka wangali na nguvu na ng'ombe wao, kwa kupanga, wala hawakungoja mlima uwafukuze usiku.

Fomu za kuandika majina ya nyumba zilizo hatarini ziko mezani kwa Mwandishi. Kila mzee wa mtaa achukue yake leo, aizungukie miteremko yake wakati huu wa kiangazi, nyufa zikiwa bado zaonekana, na airudishe kabla ya mvua za Machi.