Kagua Lenzi Kabla ya Kulipa: Mazungumzo na Wapiga Picha wa Mpanda



Bidhaa tunayotaka kuizungumzia leo inaenea kiganjani, lakini bei yake huweza kuipita bei ya kamera inayoibeba. Nayo ni lenzi ya kamera ya filamu yenye kipima-umbali: kamera za jamii ya Leica, Canon za zamani, Zorki, FED na Kiev.

Kamera hizi zilitengenezwa miaka mingi iliyopita, na karibu zote zinazouzwa leo ni za mitumba. Wapo waliozirithi kwa wazazi wao, na wapo wanaoziona kwenye simu, wakalipa kwa simu, kisha wakangoja mzigo uje kwa basi kupitia Tabora au Sumbawanga. Filamu nayo, ikishapigwa, huenda ikalazimu kusafirishwa mbali ili isafishwe. Kwa hiyo mtu wa Mpanda aliyeuziwa lenzi mbovu huweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kuujua ubovu wake. Wakati huo muuzaji amekwisha kula fedha, na harusi ya mteja imekwisha pita. Harusi haifungwi mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha.

Kiini cha mazungumzo yetu ni hiki. Katika kamera nyingine nyingi, jicho lako huona kile ambacho lenzi inakiona. Katika kamera ya kipima-umbali sivyo. Wewe hutazama kupitia kidirisha cha pembeni. Lenzi hutazama peke yake. Unapozungusha lenzi, taswira mbili ndani ya kidirisha husogeleana hadi ziwe moja, nawe huamini kwamba umbali umepatikana. Kidirisha hicho hubaki safi hata kama lenzi ina kuvu, imepasuka, au si ya kamera hiyo. Ndiyo maana mnunuzi asiyekagua huuziwa mbuzi kwenye gunia, hata pale ambapo muuzaji hakukusudia kumdanganya.

Jambo la kwanza la kukagua ni namna lenzi inavyoshikana na kamera. Lenzi nyingi za zamani za aina hii hufungwa kwa nyuzi za parafujo zenye kipenyo cha milimita 39. Mwaka 1954 Leica ilileta kamera ya M3, ambayo lenzi yake huingizwa na kuzungushwa kidogo hadi ikakaza. Lenzi ya parafujo huweza kutumika kwenye kamera hiyo mpya kwa msaada wa pete ya kuunganishia. Lenzi mpya haiwezi kurudi kwenye kamera ya parafujo. Hapa pana mtego mmoja. Kamera za Zenit za kwanza, ambazo hazina kipima-umbali, nazo zilitumia parafujo ya milimita 39. Lenzi zake huingia vizuri kabisa kwenye Zorki au FED, lakini zilitengenezwa zikae milimita 45 hivi kutoka kwenye filamu, ilhali kamera ya kipima-umbali huiweka lenzi milimita 28.8 tu. Matokeo yake ni kwamba hakuna picha itakayotoka ikiwa kali. Kwa hiyo usiulize tu, "Inaingia?" Uliza, "Ilitengenezwa kwa kamera gani?" na upate jibu hilo kwa maandishi.

Jambo la pili ni jina lililochongwa. Zorki na FED nyingi zimefutwa majina yake zikachongwa jina la Leica, na lenzi zake za Industar zikaandikwa Elmar. Huweza kupiga picha nzuri, lakini thamani yake ni sehemu ndogo ya bei ya Leica halisi. Ukiona rangi za ajabu, dhahabu nyingi au nembo za kijeshi, na bei ikawa ya chini mno, kumbuka kwamba rahisi ni ghali.

Jambo la tatu ni kioo chenyewe. Fungua tundu la nuru hadi mwisho, elekeza lenzi kwenye mwanga wa tochi ya simu, utazame kutoka mbele na kutoka nyuma. Vumbi kidogo halidhuru. Nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu huila rangi ya kinga ya kioo. Weupe uliotanda kama pumzi kwenye kioo hupunguza ukali wa picha, hasa unapopiga kuelekea jua. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni mbaya kuliko ulio kwenye kioo cha mbele. Kisha zungusha pete ya umbali: isiwe nzito wala isilegee.

Jambo la nne ni mapatano kati ya lenzi na kipima-umbali. Lenga mnara wa simu ulio mbali zaidi ya kilomita moja, na lenzi uiweke mwisho wa umbali. Taswira mbili lazima ziwe moja. Kisha jaribu karibu. Kama mgongo wa kamera hufunguka, bandika karatasi nyeupe inayopitisha nuru mahali pa filamu, acha shata wazi, utazame picha inayotua hapo huku ukilenga kitu kilicho umbali wa mita moja. Kama haufunguki, tumia filamu moja kwa majaribio kabla ya kupokea kazi ya mtu. Mjue pia kwamba lenzi za Kisovieti kama Jupiter zilipimwa kwa kipimo kinachotofautiana kidogo na cha Leica. Kwa lenzi ya milimita 35 tofauti hiyo ni vigumu kuiona. Kwa Jupiter-9 ya milimita 85, tundu likiwa wazi na mtu akiwa karibu, macho yatatoka yamefifia na masikio yakawa makali.

Sasa tuseme juu ya kuchagua. Kwa kazi nyingi za hapa, lenzi ya milimita 50 yatosha. Ya milimita 35 inafaa chumba kidogo na kundi la ndugu kwenye sherehe. Ya 90 inafaa picha ya uso. Kikomo cha kawaida cha kamera hizi ni milimita 135. Kwa hiyo mtu akikuuzia kamera ya aina hii kwa ahadi kwamba utawapiga viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi wakajaa kwenye picha, amekupotosha. Kazi hiyo inahitaji kamera ya aina nyingine.

Wala msilipe fedha nyingi kwa ajili ya tundu kubwa la nuru bila sababu. Katika jua kali la mchana, filamu ya ISO 400 hutaka tundu la f/16 na shata ya sehemu moja ya 500 ya sekunde. Shata nyingi za kamera hizi haziendi kasi kuliko sehemu moja ya 1000, kwa hiyo tundu la f/1.5 halitumiki nje mchana. Anayepiga picha shambani, sokoni na barabarani atosheke na f/2.8 au f/3.5. Tundu kubwa ni la anayefanya kazi ndani ya nyumba au usiku.

Katika matumizi, jua ndilo adui wa kwanza. Leica, Zorki na FED zina shata ya kitambaa. Lenzi iliyoachwa wazi kuelekea jua hukusanya miale kama kioo cha kuwashia moto, ikatoboa kitambaa hicho, na kila picha itakayofuata ikawa na doa. Weka kifuniko cha lenzi unapotembea. Lakini kumbuka kukiondoa unapopiga, kwa maana kidirisha hakitakuonya, na filamu nzima itatoka tupu.

Adui wa pili ni msimu. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, usiihifadhi lenzi ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hushika unyevu na kulea kuvu. Tumia chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabarani lipulizwe kwanza kwa mpira wa kupulizia. Anayefuta kwa ncha ya kanga au shati hukwaruza kioo kwa mikono yake mwenyewe.

Mwisho, ndugu zetu, ni haki yenu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Lakini lalamiko lisilo na ushahidi ni gumu kulisaidia. Kabla ya kulipa, omba picha za kioo zilizopigwa kwenye mwanga. Patana kwa maandishi juu ya siku za kurudisha bidhaa, nazo zitoshe filamu ya majaribio kwenda kusafishwa na kurudi. Dai risiti. Hifadhi ujumbe wote wa simu na kumbukumbu ya malipo. Nanyi mnaouza, semeni kasoro mnazozijua. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi.

Kidirisha cha kamera hakitakuambia habari za lenzi. Tochi ya simu, filamu moja ya majaribio na karatasi ya mapatano vitakuambia.