Mbio Zina Aina Zake
Vijana wenzangu wa Hola! Mita 100 unafyatuka tu, umemaliza. Mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000, ni vumbi na vilima kati ya wanyamapori. Ukitoka kwa fujo, kilima kitakushika. Na marathoni je? Kilomita 42 na ushei! Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi Chicago mwaka 2023, nusu ya kwanza alitumia dakika 60 na sekunde 48, ya pili dakika 59 na sekunde 47.

Sasa ndugu yangu, Ramadhani ni mbio gani? Kumi la kwanza msikiti hautoshi. Kumi la mwisho zinabaki safu ngapi? Na kwa jua letu hili, mazoezi yako yafanye karibu na magharibi, futari iko jirani. Wabillahi tawfiq.