Vikombe Vinane vya Chai: Mazoezi ya Uwezekano na Upimaji wa Nadharia Tete



Naanza na msimamo wangu ili tupate muda wa kuujadili. Mazoezi mengi ya takwimu tunayowapa wanafunzi yanafundisha kusoma jedwali. Hayafundishi kupima dai. Mwanafunzi hupewa wastani, mkengeuko sanifu na ukubwa wa sampuli, akaviingiza kwenye kanuni, akalinganisha jibu na 1.96, kisha akaandika kwamba nadharia tete imekataliwa. Alama anapata. Lakini mwulize namba hiyo ni uwezekano wa kitu gani, atanyamaza. Ninachopendekeza ni kuanza na mazoezi madogo, ambayo mwanafunzi anaweza kuhesabu kwa kalamu yake kila kinachoweza kutokea, kabla hajafunguliwa jedwali lolote.

Zoezi bora ninalolijua la aina hii linatoka Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo nchini Uingereza, ambako mwanatakwimu Ronald Fisher alianza kazi mwaka 1919. Mfanyakazi mwenzake, Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani, alidai kwamba akionja chai ya maziwa hutambua kama kikombeni yalitangulia maziwa au ilitangulia chai. Fisher alilichukua dai hilo kwa uzito, na mwaka 1935 akaeleza jaribio lake katika kitabu The Design of Experiments. Vikombe ni 8: vinne vimetanguliziwa maziwa, vinne vimetanguliziwa chai. Mwonjaji anaambiwa hivyo, kisha analetewa vikombe kwa mpangilio wa bahati nasibu na kutakiwa avitenge vinne kwa vinne. Kitabuni Fisher hakuandika matokeo yalikuwaje, nami naona hilo linatufaa, kwa kuwa mwanafunzi hana jibu la kukariri.

Hapa tusikimbilie kanuni. Tuliulize darasa: ikiwa mama huyu anabahatisha tu, vikombe vinne kati ya vinane vinaweza kuchaguliwa kwa njia ngapi? Ni njia 70, zote zenye nafasi sawa, na moja tu ndiyo iliyo sahihi kabisa. Basi uwezekano wa kupatia vyote kwa kubahatisha ni 1/70, yaani kama 0.014. Nadharia tete sifuri, inayosema hana kipaji chochote, sasa mwanafunzi anaiona kwa macho: ni orodha ya njia 70 aliyoweza kuiandika mwenyewe daftarini.

Swali linalofuata ndilo lenye utamu. Akipatia vitatu kati ya vile vinne vya maziwa, je? Vitatu sahihi vinachaguliwa kwa njia 4, kimoja cha makosa kwa njia 4, jumla njia 16. Lakini tunapopima ushahidi tunajumlisha pia matokeo yaliyo bora kuliko hayo, yaani mkia wote, hivyo tunapata 17/70, takriban 0.24. Kubadilishana kwa vikombe viwili tu kumetuondoa kwenye asilimia moja na nusu hadi karibu robo. Mwanafunzi aliyehesabu haya hahitaji kuambiwa kwa nini tunajumlisha mkia wote, amekwisha kuuona.

Kisha tubadilishe mpango. Vikombe vikiwa 6, vitatu kwa vitatu, njia ni 20, na kupatia vyote ni 0.05 kamili. Vikirudi 8, lakini kila kimoja kiamuliwe kwa kurusha sarafu, njia zinakuwa 256, na kupatia vyote ni 1/256. Ulimi ni ule ule, majibu yote ni sahihi vile vile, ila uwezekano umebadilika kwa sababu jaribio limepangwa kwa namna nyingine.

Kosa sugu zaidi ni kusoma 0.014 kama uwezekano wa kwamba mama huyo anabahatisha. Sivyo. Ni uwezekano wa matokeo hayo iwapo anabahatisha. Kulitibu kosa hili natumia zoezi la kipimo cha ugonjwa, kwa namba za kubuni. Watu ni 1,000, wagonjwa 10. Kipimo kinawanasa wagonjwa 9, na kinawasingizia asilimia 10 ya wazima 990, yaani watu 99. Walioambiwa wanaumwa ni 108. Wagonjwa kweli ni 9, mmoja kati ya 12. Mzima ana nafasi ya 0.1 ya kusingiziwa, ilhali waliosingiziwa na walionaswa wakiwekwa pamoja, wazima ni 11 kati ya 12. Namba hizi mbili hazibadilishani nafasi.

Kwa madarasa ya juu, tumpe nafasi John Arbuthnot, daktari wa Malkia Anne. Mwaka 1710 alichambua ubatizo wa London kwa miaka 82, kuanzia 1629, akakuta kila mwaka wavulana wamewazidi wasichana. Kama nafasi ni sawa, uwezekano wake ni nusu iliyozidishwa kwa yenyewe mara 82. Akahitimisha kuwa ni kazi ya Mungu. Mwanahisabati Nicolas Bernoulli akajibu kwamba inatosha kufikiria dadu yenye pande 35, 18 za wavulana na 17 za wasichana. Data ilikataa usawa wa nafasi. Haikuchagua kati ya maelezo yaliyobaki. Mwanafunzi aandike sentensi hiyo kwa maneno yake, nasi tuipe alama nyingi kama hesabu yenyewe.

Kwa kazi ya vikundi mchana huu, naomba tujibu: vikombe viwe vingapi, nusu kwa nusu, ili mwonjaji aliyekosea kikombe kimoja katika kila kundi bado avuke kizingiti cha 0.05? Vikiwa 10 tunapata 26/252, haitoshi. Vikiwa 12 tunapata 37/924, yaani 0.04. Baada ya hapo kila kikundi kitunge zoezi la aina hii linaloweza kuhesabiwa bila jedwali, na kiandike sentensi ya hitimisho kinayoitarajia kutoka kwa mwanafunzi.