Hofu huanza kabla ya damu



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Kibiti kikazi, nikisubiri usafiri wa kwenda Nyamisati. Jua lilikuwa kali, nikaingia kwenye kibanda cha video kilichokuwa jirani na kituo cha magari. Picha ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mtafsiri alishika kipaza sauti, akaanza kazi: huyu ndiye stelingi, yule ni adui, na huyu mwenye kofia hamalizi hata dakika kumi. Mzee mmoja aliyekaa mbele akageuka akamwambia, "Mwanangu, nyamaza kidogo. Umetumalizia hofu yetu."

Watu walicheka. Lakini mzee yule alikuwa amesema jambo ambalo watengenezaji wa filamu hulipia ada kujifunza. Kushtuka ni jambo la sekunde moja, hata mlango ukibamizwa na upepo utashtuka. Taharuki ni kusubiri. Na katika filamu za kusisimua, kusubiri huko hujengwa na kamera tangu dakika ya kwanza, kabla damu haijamwagika.

Iko njia ya kumwambia mtazamaji siri. Mwaka 1958 Orson Welles alifungua filamu yake Touch of Evil kwa mikono ya mtu anayetega bomu la saa na kulitia katika buti la gari. Mwanamume na mwanamke wanaingia garini, hawana habari. Kamera inapanda juu ya mapaa, inashuka, inalifuata gari lile barabarani kwa zaidi ya dakika tatu bila picha kukatwa hata mara moja. Watu wanapita, wanaongea, wanacheka. Sisi peke yetu ndio tunaojua, na hatuwezi kumwonya mtu.

Iko pia njia ya kumnyima mtazamaji. Mwaka 1975 Steven Spielberg alitoa Jaws, filamu ya papa mla watu. Mwanzoni msichana anaogelea usiku. Kamera iko chini ya maji, inaitazama miguu yake kutoka chini. Papa mwenyewe haonekani. Inajulikana kwamba papa wa mashine aliyetengenezwa kwa filamu ile alikuwa akiharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, ikabidi afichwe. Ubovu ule ukawa neema. Mvuvi yeyote wa delta ya Rufiji angemweleza Spielberg jambo hilo bure. Mamba anayeota jua ukingoni hamtishi mtu mwenye mtumbwi. Anayetisha ni yule aliyekuwa pale sasa hivi, ukigeuka hayupo, na maji yametulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Delta hiyo hiyo ina somo jingine. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, hapo Unguja, kisha ikaja kujificha katika mikono ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia katika maji yale mafupi, zikabaki nje zikilinda milango ya mto. Mchezo uliisha Julai 1915, pale ndege ziliporuka juu na kuelekeza mizinga ya meli ndogo zilizoweza kuingia mtoni. Kinachoonekana kutoka juu hakina pa kujificha tena.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona filamu zetu nyingi zikianza kwa kamera ya angani inayozunguka jiji, kisha gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaegeshwa. Tumeona kila kitu, na hatusubiri chochote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Mwaka 1978 John Carpenter alianza filamu yake Halloween kwa kuifanya kamera kuwa macho ya muuaji. Tunachungulia naye dirishani, tunachukua naye kisu jikoni, tunapanda naye ngazi. Ndipo tunaonyeshwa kwamba ni mtoto wa miaka sita. Ni ufundi mkubwa. Lakini kwa dakika kadhaa mtazamaji ameazimwa macho ya muuaji, na ameyakubali.

Wasikilizaji, mnakumbuka yaliyotokea Kibiti, Rufiji na Mkuranga katika mwaka 2016 na 2017. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa, wengine majumbani mwao. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kushambuliwa katika wilaya ya Kibiti. Nilipokwenda huko baadaye, mama mmoja aliniambia hivi: "Watu hatukuwaona. Tulisikia pikipiki ikipunguza mwendo."

Maneno yale sijayasahau. Iko siku kijana wetu mmoja atashika kamera aitengeneze filamu ya miaka ile, na itafaa aitengeneze. Ninamwomba asianze na bunduki, wala asituazime macho ya aliyeishika. Aiweke kamera ndani ya nyumba. Atuonyeshe kibatari kinachopunguzwa, mkono wa mama juu ya mdomo wa mtoto, uso wa baba anayesikiliza. Nje, pikipiki inapunguza mwendo. Kisha inapita, inakwenda zake. Mtazamaji atashusha pumzi, halafu atakumbuka kwamba kesho nako kuna usiku.

Filamu hiyo ikionyeshwa Kibiti, katika kibanda kile kile, nadhani mtafsiri hatahitajika. Waliomo ndani wataifahamu tangu picha ya kwanza, na huenda wengine watatoka nje kabla haijaisha. Mtengenezaji awafikirie hao kwanza, ndipo achague mahali pa kuiweka kamera yake.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.