Kazi Waliifanya, Haki Ilichelewa

Msikilizaji, pale Engaresero, wilayani Ngorongoro, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizoganda kwenye majivu ya volkano. Umri wake unapita miaka 5,000. Watafiti waliochapisha uchambuzi wao mwaka 2020 walibaini kundi la watu 17 waliotembea pamoja, na kwa kupima nyayo wakakadiria kwamba 14 kati yao walikuwa wanawake, huenda wakitafuta chakula.

Anayesema vita vya dunia ndivyo vilivyompeleka mwanamke kazini, basi, amechelewa sana.

Hoja hiyo husikika mara nyingi: wanaume walikwenda vitani, wanawake wakashika mashine, haki zikafuata. Uingereza ndiyo hutolewa mfano. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia wasichana walijaza baruti kwenye makombora hadi ngozi zao zikageuka manjano kwa sumu, watu wakawabandika jina la kanari, yule ndege wa manjano. Mwaka 1918 Bunge likawapa wanawake kura. Wanawake gani? Waliotimiza miaka 30, tena wenye mali au wake za wenye mali. Wasichana wengi wa kiwandani walikuwa hawajafika umri huo, wakasubiri hadi 1928. Na mwaka 1919 sheria nyingine ilikuwa imerejesha utaratibu wa viwandani wa kabla ya vita, wengi wakaachishwa kazi.

Tanganyika, kiwanda cha Vita ya Pili kilikuwa shamba la mkonge. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, Waingereza walikosa katani ya huko, wakaugeukia mkonge wa hapa. Wanaume wakachukuliwa jeshini, wengine wakalazimishwa kwenda mashambani. Jembe la nyumbani likabaki mikononi mwa mke. Vita ikaisha, wala hakuna sheria iliyomtambua kwa jembe hilo.

Haki zilikuja kwa kudaiwa. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alianza kuwaandikisha wanawake katika chama cha TANU. Sheria ya Ndoa ikapitishwa 1971, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ikatamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa.

Turudi Ngorongoro. Mwanamke wa Kimaasai ndiye mjenzi wa nyumba: hukata fito, huzifunga, hukandika kwa udongo na kinyesi kibichi cha ng'ombe, na paa likivuja ni yeye anayepanda kuziba. Ujenzi huo haukumpa umiliki wa ardhi iliposimama nyumba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo inayotamka kwamba haki yake ya kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na watatu lazima wawe wanawake. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, kuna maswali ya kuuliza mbele ya mwenyekiti: hao watatu ni akina nani? Huitwa shauri linapoletwa, au husikia uamuzi kisimani? Na hati ya hakimiliki ya kimila inapoandikwa, jina la mke linaingia kando ya la mumewe?